Jamhuri ya Weimar: maswali ambayo hayaishi kuulizwa

Kila mwaka wanafunzi wanapofika kwenye mada ya Unazi, maswali huwa yale yale, na majibu wanayokuja nayo kutoka kwenye madesa huwa yale yale pia: Versailles, njaa, Hitler. Si uongo, ila ni mifupa isiyo na nyama. Hapa nimejibu yale yanayorudi mara nyingi kuhusu Jamhuri ya Weimar, yaani Ujerumani ya kuanzia 1918 hadi Hitler alipoitwaa mwaka 1933, na nimekaa zaidi pale ninapoona watu wanapotea njia.

Kwa nini iitwe Jamhuri ya Weimar wakati mji mkuu ulikuwa Berlin?

Kwa sababu Berlin ya mwanzo wa 1919 haikukalika. Risasi zilikuwa zinalia mitaani, na wabunge waliochaguliwa kuandika katiba wakaona heri wakutane Weimar, mji mdogo wa Thuringia uliojulikana zaidi kwa washairi wake, Goethe na Schiller. Kikao kilifunguliwa tarehe 6 Februari 1919. Katiba ikapitishwa mwishoni mwa Julai, na Rais akaitia saini tarehe 11 Agosti. Baadaye Bunge lilihamia Berlin, lakini jina la Weimar likabaki midomoni mwa watu. Dola yenyewe haikuwahi kujiita hivyo kwenye karatasi zake.

Nani aliitangaza jamhuri?

Watu wawili, siku moja, kwa nia mbili tofauti.

Tarehe 9 Novemba 1918 Ujerumani ilikuwa imeshashindwa vita, mabaharia na wafanyakazi wameasi, na Kaizari Wilhelm wa Pili yuko mbioni kukimbilia Uholanzi. Philipp Scheidemann wa chama cha SPD, yaani wasoshalisti wa kidemokrasia, alipata habari kwamba Karl Liebknecht anataka kutangaza nchi ya kisoshalisti mfano wa Urusi. Akaenda kwenye dirisha la Bunge, akautangazia umati uliokuwa chini kwamba jamhuri imezaliwa. Mwenyekiti wake, Friedrich Ebert, alikasirika kweli kweli, maana aliona jambo hilo lilipaswa kuamuliwa na wabunge watakaochaguliwa. Muda mfupi baadaye Liebknecht naye akatangaza jamhuri yake kwenye kasri la Kaizari.

Ebert alikuwa mtu wa kawaida, fundi wa matandiko ya farasi aliyepanda kupitia vyama vya wafanyakazi. Aliogopa yaliyotokea Urusi yasimfike. Basi akaelewana kwa simu na Jenerali Wilhelm Groener: jeshi litaiunga mkono serikali, na serikali itawaacha maofisa wa zamani na vyeo vyao na kuwazuia wanamapinduzi. Januari 1919, wafuasi wa Liebknecht walipoinuka Berlin, serikali iliwatumia Freikorps, vikosi vya kujitolea vya wanajeshi waliorudi vitani wakiwa na hasira na bila kazi. Tarehe 15 Januari vikosi hivyo vikamuua Liebknecht pamoja na kiongozi mwenzake, Rosa Luxemburg.

Mimi simlaumu Ebert kwa kuogopa. Namlaumu kwa kuwaacha maofisa wale wale hata hofu ilipopungua. Jamhuri ilianza maisha ikilindwa na watu walioichukia, na damu ya Luxemburg haikufutika kati ya vyama viwili vya wafanyakazi, SPD na wakomunisti, hadi siku ya mwisho.

Ni kweli jeshi la Ujerumani lilichomwa kisu mgongoni?

Hapana. Madai kwamba raia wa nyumbani walilisaliti jeshi lao ni uzushi, na waliousambaza ndio waliojua ukweli kuliko wote.

Mwishoni mwa Septemba 1918 ni Jenerali Erich Ludendorff mwenyewe aliyeitaka serikali iombe mapigano yasimame haraka, kwa kuwa jeshi lilikuwa limechoka na halikuwa na namna ya kushinda. Yeye na wenzake wakahakikisha kwamba raia ndio wanaobeba aibu hiyo. Aliyetumwa kwenda kutia saini kule Compiègne, tarehe 11 Novemba, alikuwa mwanasiasa wa chama cha Kikatoliki cha Zentrum, Matthias Erzberger. Mwaka mmoja baadaye Jenerali Paul von Hindenburg alisimama mbele ya kamati ya Bunge na kusema jeshi lilichomwa kisu kwa nyuma. Erzberger akapigwa risasi mwaka 1921, akiwa matembezini. Hindenburg alichaguliwa kuwa Rais mwaka 1925.

Je, Mkataba wa Versailles ndio ulioiua jamhuri?

Uliiumiza, haukuiua. Mkataba wa tarehe 28 Juni 1919 uliinyang'anya Ujerumani sehemu ya ardhi yake na makoloni yote, ukapunguza jeshi hadi watu 100,000, na ibara yake ya 231 ikaibebesha Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara za vita. Mwaka 1921 fidia ikapangwa kuwa alama (Mark, fedha ya Ujerumani) za dhahabu bilioni 132. Wajerumani wa vyama vyote waliuchukia, hata wale waliousaini. Lakini kati ya 1924 na 1929 mkataba ulikuwa palepale na jamhuri ilisimama. Na malipo ya fidia yalikomeshwa katikati ya 1932, miezi sita na kidogo kabla Hitler hajaingia ofisini. Anayetaka kueleza kila kitu kwa Versailles ana kazi ya kueleza hayo mawili.

Mahakama zilikuwa wapi?

Swali hili huulizwa mara chache, nami nadhani ndilo lingepaswa kuulizwa kwanza.

Mahakimu walikuwa wale wale wa Kaizari. Katiba ililinda ajira zao, na wengi wao hawakuona sababu ya kuipenda serikali ya fundi wa matandiko. Mtaalamu wa takwimu aitwaye Emil Julius Gumbel alikaa akahesabu mauaji ya kisiasa kuanzia 1919 hadi 1922. Alipata mauaji 354 yaliyofanywa na watu wa mrengo wa kulia, na 22 yaliyofanywa na wa mrengo wa kushoto. Katika yale 354, 326 hayakuadhibiwa. Katika yale 22, ni manne tu ambayo wahusika waliachwa, na watu 10 wa mrengo wa kushoto walinyongwa au kupigwa risasi kwa hukumu. Wizara ya Sheria ilipokagua hesabu zake haikuweza kuzipinga, na hakimu hakuwajibishwa.

Ndipo uielewe kesi ya Munich. Tarehe 8 na 9 Novemba 1923 Hitler alijaribu kupindua serikali kwa bunduki, na polisi wanne wakafa. Kwa uhaini wa namna hiyo alipewa kifungo cha miaka 5, gerezani akawa na chumba chake na wageni wake, na kabla ya Krismasi ya 1924 alikuwa nje. Hakuwa hata raia wa Ujerumani wakati huo, alikuwa Mwaustria, na sheria iliruhusu afukuzwe nchini. Mahakama ikasema sheria hiyo haimfai mtu anayefikiri na kuhisi Kijerumani kama yeye.

Mfumuko wa bei wa 1923 ndio uliomleta Hitler, sivyo?

Sivyo, ingawa picha ya watoto wakijenga minara kwa mabunda ya noti inatufanya tuamini hivyo.

Kaizari alipigana vita kwa mikopo akitegemea mshindwa atalipa. Mshindwa akawa yeye. Serikali zilizofuata zikaendelea kuchapa fedha, na Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji zilipoingiza majeshi katika bonde la Ruhr kudai makaa na fidia, Berlin ikawaambia wafanyakazi wa huko wagome, nayo ikawalipa kwa noti mpya. Kabla ya vita dola moja ya Marekani ilikuwa kama alama 4.2. Novemba 1923 ilikuwa trilioni 4.2. Watu walilipwa asubuhi wakakimbia dukani kabla ya adhuhuri, kwa sababu jioni mshahara ule usingenunua kitu. Mwenye akiba benki alifilisika. Mwenye deni alilipa kwa makaratasi na kucheka.

Lakini katikati ya Novemba ikaja sarafu mpya, Rentenmark, na bei zikatulia. Na kwenye uchaguzi wa 1928 chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu. Kilichomnyanyua kilikuja miaka sita baada ya mabunda yale ya noti, na kilikuwa kinyume chake: kuanzia 1930 bei zilikuwa zinashuka, mishahara inakatwa, viwanda vinafungwa. Mwanzoni mwa 1932 waliosajiliwa kuwa hawana kazi walikuwa milioni 6. Mwanafunzi anayeandika kwenye mtihani kwamba Wajerumani wa 1932 walikuwa wanabeba fedha kwenye mikokoteni amechanganya majanga mawili tofauti.

Kulikuwa na jambo lolote zuri?

Mengi. Wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza tarehe 19 Januari 1919, na 37 wakachaguliwa, wakati Uingereza ilikuwa bado inawanyima kura wanawake walio chini ya miaka 30. Mwezi mmoja baadaye Marie Juchacz akawa mwanamke wa kwanza kuhutubia Bunge. Siku ya kazi ikawa saa 8. Mwaka 1927 ikaja bima ya kukosa ajira. Gustav Stresemann, aliyekuwa moyoni mpenda ufalme wa zamani, akaja kuwa waziri wa mambo ya nje aliyeipatanisha nchi yake na Ufaransa. Alipata Tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1926 pamoja na Mfaransa Aristide Briand, na mwaka huo huo Ujerumani ikaingia Shirikisho la Mataifa. Alifariki tarehe 3 Oktoba 1929, wiki tatu tu kabla soko la hisa la New York halijaporomoka.

Hata hivyo, wakati huo huo wa neema wabunge waliweza kuiangusha serikali kwa sababu ya bendera. Mwaka 1926 Kansela (yaani mkuu wa serikali) Hans Luther alitaka balozi za nje zipeperushe pia bendera ya biashara yenye rangi za enzi ya Kaizari, nyeusi, nyeupe na nyekundu, kando ya ile ya jamhuri, nyeusi, nyekundu na dhahabu. Akang'oka. Usicheke haraka: ugomvi wa bendera ulikuwa ugomvi wa kama nchi hii ni ya watu wote au ni ya mabwana wa zamani.

Ibara ya 48 ya katiba ilisema nini hasa?

Ilimruhusu Rais, usalama wa umma ukivurugika vibaya, achukue hatua za lazima, hata kwa kutumia jeshi, na asimamishe kwa muda baadhi ya haki za raia. Bunge lilibaki na haki ya kudai hatua hizo zifutwe.

Peke yake haitishi sana. Isome pamoja na ibara nyingine mbili. Ya 25 ilimpa Rais uwezo wa kulivunja Bunge. Ya 53 ilimpa uwezo wa kumteua na kumwondoa Kansela. Kwa hiyo Rais akipenda, anamteua Kansela asiye na wabunge, Kansela anatawala kwa amri za Rais, Bunge likizikataa linavunjwa, na hadi uchaguzi mpya ufanyike amri zinaendelea.

Ebert, akiwa Rais wa kwanza, aliitumia ibara hiyo zaidi ya mara 130, mara nyingi ili jamhuri isizame. Hindenburg aliitumia kulizunguka Bunge. Machi 1930 serikali ya mseto ya Hermann Müller ilivunjika kwa kutokubaliana juu ya michango ya ile bima ya kukosa ajira, jambo la sehemu ya asilimia. Akaletwa Heinrich Brüning. Bunge lilipoifuta amri yake ya bajeti mwezi Julai, likavunjwa, na amri ikatolewa upya. Katika uchaguzi wa Septemba Wanazi waliruka kutoka viti 12 hadi 107. Mwaka 1932 Bunge lilipitisha sheria 5 tu, na amri za Rais zilikuwa zaidi ya 50. Demokrasia ilikuwa mahututi kabla Hitler hajakaa kwenye kiti chochote.

Uchaguzi wa uwiano ulikuwa kosa?

Kila kura 60,000 zilitoa kiti kimoja, kwa hiyo vyama vidogo vilijaa bungeni na serikali takriban 20 zikapita katika miaka 14. Ni kero, lakini Wanazi wa 1932 hawakuwa chama kidogo. Kwa mfumo wa majimbo kama wa Kiingereza, chama chenye asilimia 37 nchi nzima kingeweza kupata viti vingi zaidi ya vile kilivyovipata.

Kwa nini wasoshalisti na wakomunisti hawakuungana?

Nimeshataja Luxemburg. Ongeza Moscow, iliyokuwa inawafundisha wakomunisti wa KPD kwamba SPD ni mafashisti waliovaa joho la usoshalisti. Agosti 1931 wakomunisti walisimama upande mmoja na Wanazi katika kura ya maoni ya kuliondoa bunge la jimbo la Prussia lililoongozwa na SPD. Novemba 1932 wakagoma pamoja kwenye usafiri wa Berlin. SPD nao waliwaona wakomunisti kuwa vibaraka wa Stalin, na hawakukosea sana.

Kuna matukio mawili yanayoonyesha jinsi nguvu zilivyokwisha. Machi 1920 Freikorps waliingia Berlin wakamweka Wolfgang Kapp kuwa Kansela. Jeshi likakataa kuitetea serikali. Wafanyakazi wakagoma nchi nzima: hakuna treni, umeme wala maji. Kapp alidumu siku 4. Tarehe 20 Julai 1932 Kansela Franz von Papen aliiondoa kwa amri serikali ya Prussia, jimbo lenye zaidi ya nusu ya Wajerumani wote na polisi wengi kiasi cha kulikaribia jeshi zima la nchi. Viongozi wa SPD wakaenda mahakamani. Hawakuita mgomo, maana kila aliyeacha kazi yake siku hiyo angekuta watu kadhaa getini wanaitaka.

Je, Hitler alichaguliwa na wananchi?

Hapa naomba tuende taratibu.

Aprili 1932 aligombea urais na Hindenburg akamshinda, kwa asilimia 53 dhidi ya 36.8. (Wasoshalisti walimpigia kura Hindenburg, mzee wa miaka 84 waliyempinga mwaka 1925. Ndivyo mambo yalivyokuwa yamefika.) Julai chama chake kikapata asilimia 37, viti 230, kikawa kikubwa kuliko vyote bungeni. Ni nyingi, ila si nusu. Novemba mwaka huo huo kikashuka hadi asilimia 33 na viti 196. Hazina yake ilikuwa tupu, wafuasi wanagombana, na magazeti ya mwaka mpya yalikuwa yanaandika kana kwamba hatari imepita.

Kilichofuata hakikupita kwenye sanduku la kura. Papen, aliyekuwa ameondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na Jenerali Kurt von Schleicher, alitaka kulipiza. Tarehe 4 Januari 1933 alikutana na Hitler kwa siri nyumbani kwa mwenye benki mmoja huko Cologne, Kurt von Schröder. Wakapatana: Hitler awe Kansela, Papen awe naibu, na wahafidhina wajaze baraza. Kazi iliyobaki ilikuwa kumlainisha Hindenburg, na hapo akasaidia mwanawe, Oskar. Schleicher alipoomba Bunge livunjwe, Rais akamnyima yeye alichowapa Brüning na Papen. Tarehe 30 Januari Hitler akaapishwa. Katika baraza lile Wanazi walikuwa watatu tu: yeye, Wilhelm Frick na Hermann Göring. Papen aliamini wamemzungushia ukuta.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: Wajerumani milioni nyingi walimpigia kura, na hilo halifutiki. Lakini walio wengi hawakumpigia, na mlango ulifunguliwa na watu waliokuwa ndani wakiwa na ufunguo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ilimchukua muda gani kuibomoa jamhuri baada ya hapo?

Chini ya miezi sita. Tarehe 27 Februari jengo la Bunge liliungua, na kesho yake Rais akasaini amri, kwa Ibara ya 48 ile ile, iliyofuta uhuru wa kusema, wa kukutana na wa kutokamatwa ovyo. Wakomunisti wakajazwa magerezani. Hata baada ya vitisho vyote hivyo, uchaguzi wa tarehe 5 Machi uliwapa Wanazi asilimia 43.9, bado si nusu. Tarehe 23 Machi Bunge, likikutana kwenye jumba la opera la Kroll huku wanamgambo wa Hitler wenye mashati ya kahawia wamepanga mistari ukumbini, lilipiga kura ya kuipa serikali uwezo wa kutunga sheria bila Bunge. Zentrum wakakubali kwa kuamini ahadi za mdomo.

Otto Wels wa SPD akasimama na kusema: uhuru na uhai mnaweza kutunyang'anya, heshima hamwezi. Kura zikawa 444 dhidi ya 94, na zile 94 zote zilikuwa za chama chake. Tarehe 14 Julai vyama vingine vyote vilikuwa marufuku.

Schleicher aliuawa na Wanazi nyumbani kwake Juni 1934. Papen aliachiwa huru na mahakama ya Nuremberg, akafa kitandani mwaka 1969.

Katiba ya sasa ya Ujerumani ilirekebisha nini?

Ile ya 1949 ilimpunguzia Rais meno na kumwondoa kwenye kura ya moja kwa moja. Na Bunge haliwezi kumwangusha Kansela bila kwanza kukubaliana nani atashika nafasi yake. Sharti la chama kupata asilimia 5 ndipo kiingie bungeni lilikuja kupitia sheria ya uchaguzi.

Yote haya yanaihusu nini Afrika Mashariki?

Kuna uhusiano wa kweli, wala si wa kulazimisha. Paul von Lettow-Vorbeck, yule aliyepigana na Waingereza kutoka Tanga hadi Msumbiji na kusalimu amri Abercorn mwezi Novemba 1918, alirudi Berlin akapokelewa kama shujaa ambaye hakushindwa. Hadithi yake iliwafaa sana wenye uzushi wa kisu. Mwaka 1920 aliunga mkono mapinduzi ya Kapp akiwa na jeshi lake kule Mecklenburg, akapoteza cheo, na mwaka 1928 akaingia Bunge la jamhuri ile ile kwa tiketi ya chama cha wazalendo wa kihafidhina.

Na yuko wa pili. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia vitani pamoja na baba yake upande wa Wajerumani akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya uaskari ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ikamwambia amechelewa. Akabaki. Alikuwa mhudumu kwenye jumba la starehe la Haus Vaterland, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, na Wanazi walipotawala akacheza visehemu vidogo katika filamu za kusifu ukoloni, maana kazi nyingine zilizidi kufungwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alifia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Leo kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake kwenye njia ya waenda kwa miguu mjini Berlin.